Gitaa Linarudi Mlimani

Asubuhi hiyo mume wangu aliniita shemeji.

"Shemeji," alisema, "chai ipo?"

Nikajua leo ni Lazaro. Nikammiminia chai isiyo na sukari, kwa kuwa Lazaro hapendi sukari, ilhali Kondo, mume wangu, angekuwepo angekoroga vijiko mpaka chai iwe nzito. Nilikuwa nimefika mahali pa kutokasirika. Mtu akichoka sana, hasira nayo huchoka. Hukaa chini kando yake kama jirani aliyekuja kusalimia akakosa la kusema. Nilimtazama akinywa. Mkono ulikuwa ule ule, kovu la kidevuni lile lile, ukucha wa kidole gumba ule ule alioufuga kwa ajili ya nyuzi. Vyote vilikuwa vya Kondo. Aliyekuwa akinywa ndiye hakuwa Kondo, na mimi niliyemtazama nilianza kukosa hakika kama ni mke wa mtu.

Siku nyingine alikuwa Mwanamize, na hizo zilikuwa ngumu zaidi. Alikaa mkekani, akajifunga kanga yangu kifuani, akaniita shoga, akaniomba wanja. Kisha akanisimulia, kwa sauti ya chini ya mwanamke anayemwamini mwenzake, habari za wanaume waliompenda na namna walivyomwacha. Niliitikia. Nilisema, "Ehe, kisha?" Ungefanyaje wewe? Siku ya kwanza nilimkatiza, nikamwambia wewe ni Kondo, mume wangu, mimi ni Tunu, mkeo. Alinitazama kwa huruma kubwa, akanishika mkono.

"Shoga yangu," alisema, "wanaume wanakuchanganya akili."

Tangu alipoanza kuugua hakuwahi kusema kwamba yeye ni Kondo. Tabibu alimpima, akasema moyo mzima, mapafu mazima, kichwa tu kimechoka. Nikamuuliza mbona kimechoka kwa majina ya watu wengine. Akafunga mkoba wake akasema hilo halina dawa kwake.

Majina yale niliyajua. Yalikuwa ya watu waliolimiliki gitaa kabla yake.

Gitaa lenyewe lilining'inia ukutani sebuleni, juu ya kiti chake. Lilikuwa la jazi, la zamani, la aina ambayo haitengenezwi tena: kifua kimetuna mfano wa kifua cha njiwa, matundu mawili membamba yamejipinda ubavuni huku na huku mahali ambapo magitaa mengine huwa na tundu moja la duara. Rangi yake ilikuwa ya asali katikati, ikaiva kuelekea kingoni mpaka ikawa nyeusi kabisa. Chini ya nyuzi, pale mkono wa mpigaji unapopita, rangi ilikuwa imelika mpaka kwenye mbao. Nililitazama doa lile miaka mingi nikidhani Kondo ndiye aliyelifanya. Mkono mmoja hauwezi. Walipita wengi pale, kila mmoja akaondoka na chembe ya rangi, akaacha chembe ya ngozi.

Lilikuwa gitaa la Mkuu, mtawala wa mji wetu. Sina maana kwamba Mkuu alilipiga. Mkuu hapigi chochote kwa mkono wake. Maana yangu ni kwamba kila sherehe ya Mkuu lilipigwa hilo, wimbo ule ule mmoja, na aliyelipiga aliitwa Mpigaji, na watu wa mji walipousikia wimbo walijua hakuna kilichobadilika, wakarudi kwenye shughuli zao. Kondo alikuwa Mpigaji kwa sehemu kubwa ya maisha yetu. Wakuu walikuja wakaenda. Waliingia wakiwa wembamba, wakatoka wakiwa wanene, na wimbo haukuongezwa hata noti moja. Mara nyingi nilijiuliza, nikiosha vyombo, nani hasa anayetawala mji huu: mtu aliyekaa kwenye kiti, au ule wimbo unaowafanya watu wasigeuke kumtazama aliyekaa?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na vyombo.

Sasa, asubuhi hiyo ya Lazaro, niliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kabla hajasema neno, mume wangu aliinua macho ukutani, akalitazama gitaa, akasubiri. Kisha ndipo akasema. Alipotaka chai alilitazama kwanza. Alipotaka kwenda uani alilitazama kwanza. Alikuwa kama mtu anayeambiwa la kusema na mwingine aliyesimama nyuma ya pazia.

Nikavua aproni. Nikalishusha gitaa ukutani, nikalifunga ndani ya shuka, nikamwita jirani yangu Siwatu, mwanamke wa maneno machache, nikamwomba amwangalie mgonjwa.

"Unakwenda wapi na hilo?" Siwatu aliuliza.

"Kuwarudishia wenyewe."

"Wenyewe si walikufa?"

"Sijui. Napanda kuona."

Inafaa nieleze kupanda huko, kwa sababu si kila mji uko hivyo. Mji wetu uko ubavuni mwa mlima na haujawahi kubomoa kitu. Kila baada ya Wakuu kadhaa, mmoja wao alijenga mtaa mpya chini ya mtaa wa waliomtangulia, akahamia huko na waliompenda. Waliobaki juu walibaki na bendera yao, nyimbo zao na saa yao ya mnarani. Sisi tunaishi chini kabisa, Mtaa wa Leo. Juu yetu uko Mtaa wa Jana. Juu ya huo, Mtaa wa Juzi. Juu zaidi kuna ukungu, na watu wanasema huko hakuna mtaa ila mawe tu. Kwa hiyo kwetu anayetaka habari za jana hahitaji kukumbuka. Anahitaji magoti mazima, na mimi sikuwa nayo.

Nilipanda. Gitaa lilikuwa ubavuni, na kwa kila hatua nyuzi zilivuma ndani ya shuka, sauti ndogo, ya mtu anayeguna usingizini. Njiani nilikuwa nazungumza nalo, au nazungumza peke yangu, si rahisi kutenganisha. Nilisema: mimi sikukuoa wewe. Nilisema: nilimwona mtu jukwaani nikampenda, wewe ulikuwa kifuani mwake, nikadhani wewe ni nguo. Nilisema: nimewapikia wangapi? Nimelala na wangapi? Kuna miaka aliyokuwa mpole na kuna miaka aliyokuwa mkali, na mimi nilisema ndiyo ndoa, ina misimu. Labda haikuwa misimu. Labda walikuwa wanapokezana.

Mtaa wa Jana ulikuwa kimya. Rangi za nyumba zilikuwa mbichi kuliko za kwetu, na miti iliyokwisha kuwa minene kule chini huku ilikuwa bado myembamba, imefungiwa vijiti visaidie isianguke. Nilipita mbele ya picha ya Mkuu wa zamani na mwanamume mmoja akanikemea kwa upole nisimame kidogo kwa heshima. Nikasimama. Haikunigharimu kitu, na nilikuwa nahitaji kupumua.

Nilimkuta Lazaro kwenye ukumbi wa dansi. Nilimtambua kabla hajasema, kwa sababu nilikuwa nimekunywa naye chai asubuhi ile. Sura hazikufanana: huyu alikuwa mweupe wa nywele, mrefu, mabega yameanguka. Ila alivyoinamisha kichwa upande mmoja akisikiliza, alivyoshika ufagio kwa vidole viwili, vyote nilivijua. Alikuwa akifagia sakafu iliyokuwa safi. Juu ya kichwa chake makaratasi ya rangi ya sherehe yalikuwa bado yametundikwa, yakisubiri wachezaji.

"Karibu, shemeji," alisema.

Nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona.

"Umenijuaje?"

"Umebeba kitu changu." Aliweka ufagio ukutani. "Yule kijana hajambo?"

"Hajambo mwili. Leo ni wewe."

Hakuuliza maana yake. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, mikono katikati ya magoti. Kisha aliuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Nikiwa kwako huwa nasemaje?"

"Huna maneno mengi. Unaomba chai bila sukari. Unaniita shemeji. Jioni unakaa mlangoni unauliza kama treni imepita."

"Treni," alisema. "Nilikuwa nikipenda kuisikia ikipita." Kisha: "Nakusumbua?"

"Kidogo."

"Nisamehe, shemeji."

"Si kosa lako kuwa kwangu."

"Ni langu," alisema Lazaro.

Akanisimulia. Alikuwa akipiga kwenye sherehe moja, alasiri, Mkuu wa wakati ule akiwa jukwaani kwenye kiti chake. Katikati ya wimbo Mkuu aliinamisha kichwa akafa. Hakuanguka, aliinama tu. Walinzi walimfunika kwa bendera kana kwamba wanamkinga jua, na mmoja wao akaja akamnong'oneza Lazaro: usikome. Lazaro akaendelea. Akarudia wimbo tangu mwanzo, akaurudia tena, huku nyuma ya bendera mtu mmoja akitolewa kitini na mwingine akivikwa koti lile lile, na watu walikuwa wakicheza, na hakuna aliyejua. Bendera ilipoondolewa, Mkuu alikuwa ameketi. Watu walipiga makofi.

"Siku ile nilielewa kazi yangu," alisema. "Nilidhani nawachezesha watu. Kumbe nilikuwa pazia."

"Mbona hukuliacha?"

"Nililiacha. Unadhani lilifikaje kwako?" Alitazama mlangoni. "Yule kijana alikuwa anapita barabarani. Alisimama pale, mlangoni, anasikiliza. Nilimwita. Nikamwambia shika kidogo, nikanywe maji. Alishika, akakosea mara mbili tatu, kisha vidole vyake vikaanza kujua. Si yeye aliyejua, shemeji. Vilikuwa vyangu. Na vyangu havikuwa vyangu, vilikuwa vya Mwanamize, aliyekuwa nalo kabla yangu. Nilitoka kunywa maji na sikurudi."

"Alikuwa nani, kabla hujampa?"

"Sikumuuliza. Nilikuwa nimechoka. Aliyechoka haulizi jina la anayempokea mzigo."

Nilitaka kumchukia na sikupata nguvu. Nilifungua shuka, nikalilaza gitaa mapajani mwangu, shingo ikamwelekea yeye. Aliligusa kwa kiganja, pale kwenye doa lililolika, na kidole chake kimoja kikaanza kutafuta uzi chenyewe. Alikishika kwa mkono mwingine.

"Usiliache hapa," alisema. "Ukiliacha nitalipiga. Nikilipiga watasikia huko chini, watasema Mpigaji amepatikana, watanijia. Mpelekee Mwanamize. Yuko Mtaa wa Juzi, nyumba ya mwisho kabla ya ukungu. Kwake lilianza."

Alinisindikiza mpaka mwanzo wa ngazi. Hakuweza kupanda zaidi. Alisema kila akijaribu anasahau anakwenda wapi. Tukaagana kwa mikono, na mkono wake ulikuwa mkavu, mwepesi, hauna uzito wa mtu mzima.

Ngazi za kwenda Juzi zilikuwa za mawe yaliyochongwa kwa mkono, na mvua ilikuwa imeyalainisha. Nilipumzika mara nyingi. Kadiri nilivyopanda ndivyo sauti za mji zilivyopungua, mpaka nikawa nasikia pumzi yangu na gitaa tu. Niliwaza juu ya watu waliokaa huku. Sisi wa chini tunadhani ndio tulio hai na wao ni mabaki. Lakini wao wanatutazama kutoka juu, na wanapotuona wanaona nini? Paa tu. Kutoka kwao sisi ni paa za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mtu ana uhai wa namna gani ikiwa aliye nyuma yake hamwoni na aliye mbele yake hamkumbuki? Naye bado anatakiwa apike. Anatakiwa afue. Nilichoka kwa ajili ya kila mtu niliyemfahamu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa na rangi ya chokaa mpya. Mwanamke mzee sana alikuwa amekaa kibarazani akiwamwagia kuku mtama. Alikuwa mdogo wa umbo, kichwa hakijafunikwa, nywele fupi nyeupe. Alinisikia kabla hajaniona, au alisikia nyuzi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Sikujua nangojwa."

"Mimi pia sikujua. Nimelijua sasa hivi." Aliusogeza mkeka kwa mguu. "Kaa hapo. Ukikaa hapo, nyumba inatosha."

Nikabaki nimesimama.

Maneno yale niliyajua. Wiki ile ya kwanza ya ndoa yetu, katika chumba kisichokuwa na kitu ila mkeka na jiko, Kondo alinionyesha mahali pa kukaa karibu na dirisha akasema: ukikaa hapo, nyumba inatosha. Hakuwahi kuniambia jambo zuri kuliko hilo. Niliishi kwa maneno yale miaka yote, kwenye shida, kwenye ukali wake, kwenye ugonjwa. Kila nilipotaka kuondoka niliyakumbuka nikarudi ndani. Na sasa bibi mmoja asiyenijua aliyatoa mdomoni kwa wepesi wa mtu anayetoa cha kwake.

"Maneno hayo," nilisema. "Umeyapata wapi?"

"Yapi? Ya kukukaribisha? Ya mama yangu hayo. Nami nilimwambia kila niliyempenda." Akanitazama vizuri. "Ah. Yamekufikia."

Nikakaa. Sikulia. Nilikuwa nimetongozwa na mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, kwa mdomo wa mwanamume ambaye sikuwahi kumjua, na nilikuwa na kiu. Mwanamize akaniletea maji kwenye kata.

Alianza kusema bila kuombwa. Gitaa lilisahauliwa na mgeni katika nyumba ya wageni ambamo yeye, binti wakati huo, alikuwa akitandika vitanda. Mgeni hakurudi. Akajifunza mwenyewe, mchana, vyumba vikiwa vitupu.

"Mwanzoni lilikuwa tupu," alisema. "Hilo ndilo lililokuwa jema. Sauti yangu ilikuwa humo peke yake. Nilitunga wimbo. Ulikuwa wimbo wa kumwita paka, mwanangu. Paka wa nyumba ya wageni alikuwa haji kwa jina, anakuja kwa wimbo. Basi Mkuu wa kwanza alipita, akausikia, akasema huu upigwe kwenye sherehe yangu."

"Wimbo wa Mkuu ni wa paka?"

"Wa paka."

Hatukucheka, ingawa ilifaa kucheka. Alisema aliupiga kwenye sherehe moja, kisha nyingine, mpaka hakuna aliyejua tena kwamba uliwahi kuwa wa mtu. Siku alipotaka kupiga wimbo mwingine walimwambia kwa adabu kwamba mji hauhitaji. Akampa Lazaro gitaa, akapanda huku. Lakini hakupanda mzima.

"Nimeishi nusu," alisema Mwanamize. "Nusu nyingine imebaki kwenye mbao hizo. Kuna siku naamka najua kwamba mahali fulani chini naomba wanja na sipewi."

"Nilikupa," nilimwambia. "Nilikununulia hata kipya."

Alinishika mkono kama vile alivyonishika mume wangu, kwa vidole vile vile vitatu.

"Niachie," alisema. "Nitalegeza nyuzi. Sitampa mtu. Mimi sina wa kumpa tena, na nikifa litawekwa pamoja nami, nimekwisha kusema na majirani. Na Mkuu wenu atajifunza kukaa bila wimbo, atazamwe alivyo."

"Na mume wangu?"

"Lazaro atarudi kwa Lazaro. Mimi nitarudi kwangu. Atabaki mwenyewe." Aliwatupia kuku mtama zaidi. "Ulimkuta na gitaa, au kabla?"

"Nilimwona mara ya kwanza jukwaani."

"Basi fikiri, mwanangu. Mimi sikuharakishi. Kuku bado wanakula."

Nikafikiri. Nilikuwa nimepanda mlima mzima nikisema nataka mume wangu, na hapo juu, ukungu ukinigusa shingo, niliambiwa kwa mara ya kwanza kwamba huenda sina picha ya huyo ninayemtaka. Upole niliopenda ulikuwa wa nani? Kununa kule asubuhi ya mvua? Kicheko chake cha puani? Nikitoa vya Lazaro na vya bibi huyu, kinabaki nini, na hicho kinachobaki kitanipenda? Kwa nini kinipende? Nikilirudisha gitaa nyumbani nitaendelea kuwa na watu watatu, wote wananijua kwa kiasi. Shemeji. Shoga. Si haba. Wapo wanawake wasioitwa kitu.

Lakini nilimkumbuka asubuhi, akiinua macho ukutani kabla ya kuomba chai. Mtu mzima anaomba ruhusa ya kiu yake. Hilo nilishindwa kulibeba kurudi nalo.

"Lichukue," nilisema.

Mwanamize alilipokea kama mtu anayepokea mgonjwa, mkono mmoja shingoni, mwingine chini ya kifua. Akaanza kulegeza nyuzi, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu. Kila uzi ulishuka na sauti yake, ikazama, ikawa mngurumo, ikawa hewa. Uzi wa mwisho ulipolegea alifumba macho. Alipofumbua aliangalia huku na huku kibarazani, akajigusa nyusi.

"Wanja wangu niliuweka wapi?" aliuliza, na akainuka kwenda ndani kuutafuta, mwepesi, akiwa amenisahau.

Nilishuka. Kushuka ni kubaya kwa magoti kuliko kupanda, watu hawasemi. Nilipopita ukumbini mlango ulikuwa umefungwa na makaratasi ya rangi yalikuwa nje, yamekusanywa kwenye debe la taka. Sikubisha hodi.

Jua lilikuwa bado lipo nilipofika nyumbani. Siwatu alikuwa mlangoni akipepeta mchele wangu.

"Alilala," alisema. "Ameamka si muda. Ananiita mama, ananiuliza hapa ni wapi. Nimemwambia angoje mwenye nyumba."

Nikaingia. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa kugusa vitu vya watu. Hakutazama ukutani. Alinitazama mimi, usoni, moja kwa moja, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama," alisema mume wangu.

Kuna neno moja tu la kujibu salamu hiyo, na nililijibu. "Marahaba."

"Unisamehe kuingia. Nilikuwa nakwenda zangu barabarani, nikasikia muziki, nikasimama kidogo. Sijui nilifikaje humu ndani. Jua limenipiga, nadhani." Sauti ilikuwa ya juu kuliko niliyoizoea, ya kijana, haina mikwaruzo. Alitazama mikono yake akaigeuza. "Hata mikono imenichakaa."

"Unaitwa nani, baba?"

"Kondo."

Nililingoja jina hilo muda mrefu sana. Nilikuwa nimejiandaa kwamba likija nitapiga magoti, nitalia, nitamshika uso. Likaja kwa adabu, kama linavyotolewa kwa mtu usiyemjua, na nikabaki nimeshika fremu ya mlango.

Nikawaza kurudi. Njia nilikuwa naijua, na bibi yule asingenikatalia. Ningekaza nyuzi, ningelitundika ukutani, na kesho asubuhi angeniita shemeji, angenijua. Nilikaa na wazo hilo kwa muda ambao maji huchukua kuchemka. Yeye alikuwa amesimama tu, amenyooka, hana ruhusa anayoingoja kutoka kwa yeyote, akitazama nyumba yangu kwa macho ya mtu wa kazi. Macho yake yakapita mlango wa chumbani, yakakaa.

"Mama, kitanda chako," alisema. "Kamba zimelegea zote. Unalala shimoni."

"Ni cha siku nyingi."

"Aliyekiwamba hakujua kazi. Mimi kazi yangu ni hiyo, nawamba vitanda. Nilikuwa natafuta mtaa wenye kazi." Alikuwa tayari amepiga goti ukingoni, anabonyeza kamba kwa kidole. "Nikukazie? Hutanilipa. Nipe chakula tu nikimaliza."

Sikujua. Miaka yote ile nililala katika shimo lile, yeye akiwa kando yangu, sote tukiteleza kuelekea katikati, na vidole vilivyojua kuliondoa vilikuwa ubavuni mwangu vimeshughulishwa na jambo jingine. Nilimwambia akaze.

Akatoa godoro akalisimamisha ukutani. Akafungua mafundo ya zamani kwa meno na kwa ule ukucha mrefu, akazivuta kamba, akazinyoosha sakafuni, akazilowesha. Alifanya kazi bila haraka. Alikuwa akipiga mluzi wa chini, usio na wimbo wowote, pumzi tu inayotoka. Siwatu aliweka ungo chini akaja kuchungulia, akarudi kwenye mchele.

Alipofika kwenye kukaza alisimama akanigeukia.

"Unalala peke yako, mama, au na mtu? Nijue nikaze kiasi gani."

"Nalala na mume wangu."

"Mzito?"

Nilimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, mtu mzee mwembamba mwenye macho ya kijana.

"Kiasi chako," nilisema.

Akatikisa kichwa kukubali, akapima kamba kwa mkono wake. "Basi nitakaza ya watu wawili," alisema. Akaipitisha kamba chini ya ubao wa kitanda, akaivuta, akatafuta mahali pa kuifunga kwa muda, hakupaona. Akaninyooshea ncha.

"Shika hapa, mama, usiachie."

Nikaikamata kwa mikono miwili, na yeye akavuta upande wake.